Drili ya betri: namba za ubavuni na nguvu iliyomo ndani

Niliwahi kufungua betri ya drili iliyoandikwa 48V ubavuni, kwa tarakimu kubwa kama za mgongoni mwa jezi. Nikatoa skrubu nne, kifuniko kikaachia, na ndani nikakuta seli tano za lithiamu zimelala safu moja. Seli tano za aina hiyo zikiungwa moja baada ya nyingine hutoa volti 18. Zikitoka kwenye chaja zimeshiba kabisa hufika 21. Arobaini na nane hazifiki hata uzisomee dua. Drili yenyewe haikuwa ovyo. Kilichoniuma ni bei: niliilipia zaidi ya ile iliyokaa kando yake, iliyoandikwa 18V bila makeke, nikidhani nimebeba nguvu karibu mara tatu.

Tangu hapo, mtu akiniuliza ni drili gani ya betri yenye nguvu na bei nzuri, nami humuuliza: nguvu ipi? Kuna nguvu ya betri kusukuma umeme, kuna ya mota kuugeuza umeme huo kuwa mzunguko, kuna ya kusokota inayofika kwenye ncha ya biti, kile chuma kinachotoboa, na kuna ya kugonga ukuta. Namba inayochapwa kubwa kuliko zote, ile ya volti, ndiyo inayokueleza machache zaidi. Ukizifuata namba hizi kuanzia tumboni mwa betri hadi kwenye biti, bei nayo huanza kujieleza.

Volti huhesabiwa kwa seli

Seli moja ya lithiamu-ioni ina volti 3.6 kwa kipimo cha kawaida, yaani wastani wake inapofanya kazi. Ikijaa kabisa hufika 4.2. Baadhi ya watengenezaji huchukua 4 kama namba ya katikati inayopendeza machoni. Zidisha kwa tano: 18, 20, 21. Betri ni ileile, mzungumzaji ndiye tofauti. DeWalt huuza mfumo mmoja huohuo kwa jina la 20V Max kule Marekani na kwa jina la 18V barani Ulaya. Vivyo hivyo kwa drili ndogo za seli tatu: mmoja ataandika 10.8V, mwingine 12V, na hakuna aliyedanganya.

Uongo huanza pale namba inapovuka kilele cha seli zilizomo. Ukiona 36V, 48V au 88V kwenye drili ndogo ya mkononi yenye betri inayojaa kiganja, shuku. Ukiona herufi imebandikwa baada ya V, kwa mfano 88VF, shuku zaidi: hilo kwa kawaida ni jina la bidhaa lililovaa nguo za kipimo. Betri ya kweli ya volti 36 ina seli kumi zilizofuatana, na uzito wake unaujua mkono kabla ya macho.

Kuna shahidi mmoja ambaye wauzaji husahau kumfundisha la kusema, naye ni chaja. Geuza chaja usome namba ndogo zilizoandikwa upande wa umeme unaotoka. Chaja hizi rahisi zinazokuja na drili za bei ya chini huandikwa volti za seli zikiwa zimejaa. Ikisema 12.6V, ndani kuna seli tatu. Ikisema 21V, kuna tano. Ikisema 42V, kuna kumi. Drili iliyoandikwa 48V ilhali chaja yake inatoa 21V imejikana yenyewe.

Je, basi volti hazina maana? Zina maana, ila kwa ngazi. Kati ya darasa la 12 na darasa la 18 kuna tofauti unayoihisi, kwa sababu wati ni volti mara ampea: kupata wati zilezile kwa volti chache inabidi uvute ampea nyingi zaidi, na ampea nyingi ndizo zinazochemsha nyaya, swichi na mota. Drili ya 12V ni nyepesi, inaingia ndani ya kabati na chini ya sinki, na kwa kukaza skrubu za samani inatosha na kusaza. Ya 18V ndiyo ya mtu anayetaka chombo kimoja cha kazi zote. Lakini kati ya 18 na 20 na 21, usiongeze hata senti.

Ampea-saa, na kile kisichoandikwa

Namba ya pili kwenye betri ni ampea-saa, Ah. Watu huiona kama ukubwa wa pipa: pipa kubwa, maji ya muda mrefu. Ni kweli, na ukizidisha volti kwa ampea-saa unapata wati-saa, ambacho ndicho kipimo cha haki cha nishati iliyomo. Betri ya 18V na 2Ah ina wati-saa 36. Ya 18V na 5Ah ina 90. Ya 12V na 4Ah, ambayo kwa kipimo cha kawaida ni 10.8V, ina 43 hivi, kwa hiyo ingawa "ampea" zake ni mara mbili ya ile ya kwanza, nishati yake imezidi kwa moja ya tano tu. (Kwa msafiri: mashirika ya ndege hutumia kipimo hichohicho, na mpaka wa kawaida wa betri ambayo haihitaji ruhusa maalumu ni wati-saa 100, tena ikiwa ya akiba lazima uibebe mkononi, si kwenye mzigo wa chini.)

Lakini mfano wa pipa unaficha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha suala zima. Pipa lina mdomo, na mdomo una upana wake. Betri ya 5Ah mara nyingi ina seli kumi: jozi tano, kila jozi ikiwa imeunganishwa bega kwa bega. Mzigo unagawanywa kwa seli mbili badala ya moja. Tuseme kila seli ina ukinzani wa ndani, yaani kiasi inachouzuia umeme wake yenyewe kupita, wa milioomu 20. Seli tano zikifuatana zinakuwa milioomu 100, yaani omu 0.1. Drili ikikazana kwenye ubao mgumu na kuvuta ampea 30, volti 3 (30 mara 0.1) zinapotelea ndani ya betri yenyewe, na wati 90 zinageuka joto tupu. Mota iliyotegemea volti 18 inapewa 15. Sasa weka jozi: ukinzani unashuka hadi 50, zinapotea volti 1.5 tu, mota inapata 16.5. Drili ileile, mkono uleule, biti ileile. Umebadilisha betri tu na mashine imepata nguvu.

Ndiyo maana drili nzuri ikipewa betri nyembamba hulegea, na ndiyo maana watengenezaji wengine huandika kwa herufi ndogo kwamba torki (nguvu ya kusokota) ya juu waliyoitangaza ilipimwa na betri ya 4Ah au 5Ah. Ukinunua drili hiyo na betri ya 1.5Ah, umenunua farasi ukamlisha nusu ya majani.

Uongo upo pia kwenye ampea-saa, na unapimika. Seli iliyozoeleka sana kwenye betri hizi huitwa 18650: kipenyo cha milimita 18, urefu wa 65. Kwa ukubwa huo, seli bora haizidi takriban 3.5Ah, na zile zinazoweza kumwaga umeme kwa kasi inayohitajiwa na drili kwa kawaida huwa kati ya 2 na 3. Kwa hiyo betri yenye safu moja ya seli tano za 18650 haiwezi kuwa 6Ah. Kuna seli nene zaidi, 21700, milimita 21 kwa 70, zinazobeba 4 hadi 5, lakini nazo huwezi kuzificha kwenye kasha jembamba. Tumia mizani ya jikoni. Seli moja ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Kumi ni karibu nusu kilo kabla hujaweka plastiki, bati na sakiti; betri ya kweli ya 18V 5Ah yenye seli kumi hukaribia au kupita gramu 600. Ikikuambia 5Ah na mizani ikasema 350, amini mizani.

Humo ndani kuna kitu kingine kisichoonekana: sakiti ya ulinzi. Kazi yake ni kukata umeme betri inapokaribia kuisha, inapochemka, au seli moja inapobaki nyuma ya wenzake. Betri za bei ya kutupa mara nyingi huipunguza sakiti hii hadi ikabaki jina. Matokeo yake huyaoni siku ya kwanza. Unayaona baada ya miezi, seli moja ikiwa imechoka na kuwavuta wenzake wanne, na betri nzima inakufa kwa sababu ya mmoja.

Nifungue dirisha dogo la historia, kwa sababu linaeleza kwa nini drili za zamani zilikuwa nzito kama jiwe. Black & Decker walitoa drili ya betri mwaka 1961, ikitumia seli za nikeli-kadimiamu. (Watu hupenda kusimulia kwamba NASA ndiyo iliyoivumbua kwa safari za mwezini. Drili ilitangulia, kampuni hiyo ndiyo iliyoitwa baadaye kusaidia kutengeneza ile iliyotoboa udongo wa mwezi mwaka 1971, kwenye safari ya Apollo 15.) Seli ya nikeli-kadimiamu ina volti 1.2 tu, hivyo kufika 18 zilihitajika seli kumi na tano. Lithiamu ilipoingia kwenye drili katikati ya miaka ya 2000, seli kumi na tano zikawa tano. Ukikutana na drili ya mtumba yenye betri ya nikeli kwa bei ya karanga, iache hapo hapo. Betri zake zimeshazeeka, na kupata mpya ni kutafuta sindano kwenye majani makavu.

Torki: namba ya kweli inayopotosha

Sasa tufike kwenye nguvu ya kusokota, torki, inayopimwa kwa nyutoni-mita, Nm. Picha rahisi: shika fimbo ya mita moja kwa upande mmoja, uning'inize kitu cha gramu 100 upande wa pili. Msokoto unaousikia kwenye kifundo cha mkono ni karibu Nm 1. Drili inayosema Nm 60 inasokota kama kilo sita zinazoning'inia mwisho wa fimbo hiyo.

Kwa kazi nyepesi za nyumba, kati ya Nm 20 na 35 panatosha. Kwa mtu anayejenga kwa mbao, anayetoboa bati nene na kukaza skrubu ndefu, 50 hadi 70 ni mahali pazuri. Zaidi ya 80 ni kwa biti pana na misumeno ya kutoboa matundu ya duara, au kwa anayeshinda kutwa na chombo mkononi. Soko la Marekani hupenda kuandika kwa inchi-pauni, na namba hizo huonekana za kutisha kwa kuwa Nm 1 ni sawa na inchi-pauni karibu 8.85. Drili yenye "530" haina torki ya lori. Gawanya, utapata 60.

Mtego uko hapa. Torki hutangazwa kwa njia mbili, ngumu na laini. Ngumu ni kile kishindo cha papo kwa papo, skrubu inapofika mwisho kwenye chuma na kukwama. Laini ni ile drili inayoweza kuendelea nayo skrubu ikizama taratibu kwenye ubao. Ya kwanza huwa kubwa zaidi, wakati mwingine karibu mara mbili ya ya pili, na ndiyo inayowekwa kwenye kasha. Karatasi ya maelezo ya mtengenezaji makini huandika zote, mfano 54/30. Ukiona namba moja tu, chukulia ni ngumu. Ukilinganisha drili mbili, hakikisha hulinganishi ngumu ya huyu na laini ya yule.

Mtego wa pili ni kusoma torki na mizunguko kana kwamba vinatokea pamoja. Kasha linasema Nm 60 na mizunguko 500 kwa dakika kwenye gia ya kwanza. Fanya hesabu ndogo: wati ni torki mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9.55. Sitini mara mia tano, gawanya, unapata wati zaidi ya 3,100. Betri ya 18V ingelazimika kutoa zaidi ya ampea 170, na ingeyeyuka kwanza. Ukweli ni kwamba Nm 60 ni pale mota inapokaribia kusimama, na mizunguko 500 ni pale inapozunguka bure hewani. Kazi hufanyika katikati. Drili inayotoa wati 400 za kweli kwa mizunguko 300 ina torki ya Nm 13 hivi kwa wakati huo, na hiyo ndiyo inayotafuna ubao.

Kwa hiyo drili mbili zenye torki sawa kwenye kasha zinaweza kupishana mbali kazini. Moja hutoboa shimo la milimita 25 bila kupunguza mwendo. Ya pili huanza kulia, kutoa harufu, kisha kukata. Watengenezaji wachache huandika wati zinazotoka kwenye mota. Wakiziandika, hizo ndizo za kulinganisha. Wasipoziandika, angalia mambo mawili: betri, ambayo tumeshaipasua, na aina ya mota.

Brashi au bila brashi

Mota ya zamani ina vipande viwili vya kaboni, brashi, vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kuipa umeme. Msuguano huo hula kaboni, hutoa cheche na kula nishati. Mota isiyo na brashi imeugeuza mpango: sumaku ndizo zinazozunguka, koili zimetulia, na sakiti ndogo ndiyo inayoamua koili ipi ipewe umeme na lini. Nishati inayopotea kwa joto hupungua, kwa hiyo chaji moja hutoboa mashimo mengi zaidi, kichwa cha drili huwa kifupi, na hakuna kaboni ya kubadilisha.

Ni bora, sina ubishi. Lakini kama unatundika rafu na fremu mara chache kwa mwaka, drili ya brashi kutoka kwa mtengenezaji makini itakuzika wewe kabla ya kuzikwa yenyewe, na ikiharibika brashi zake mara nyingi hubadilika kwa dakika kumi. Mota isiyo na brashi ikiungua sakiti, kwa kawaida umebaki na kitu cha kuzuia mlango usijifunge. Pesa ya ziada ilipe pale unapotumia chombo kila wiki. Na kama bajeti inakulazimisha kuchagua kati ya drili isiyo na brashi yenye betri moja ya 1.5Ah na ya brashi yenye betri mbili za 4Ah, chukua betri.

Ukuta ni habari nyingine

Hapa ndipo manung'uniko mengi huzaliwa. Mtu ananunua drili "yenye nyundo", anaipeleka kwenye nguzo ya zege, dakika tano zinapita, biti imekuwa nyekundu na shimo lina kina cha punje ya mahindi. Analaumu nguvu. Kasoro haipo kwenye nguvu.

Nyundo ya drili ya kawaida ni visahani viwili vyenye meno vinavyopandana. Kila jino likipanda na kuanguka, biti inapata pigo dogo. Mapigo ni mengi, huweza kupita 25,000 kwa dakika, lakini kila moja ni la kipepeo, na nguvu yake inategemea unavyosukuma. Kwa tofali na plasta inatosha. Zege lenye kokoto ngumu linataka pigo zito, na pigo hilo linatoka kwenye mashine ya aina nyingine, ile yenye pistoni inayosukumwa na hewa ndani na biti za shina la SDS, yaani shina lenye mifereji linalochomekwa tu na kushikwa. Nguvu ya pigo lake hupimwa kwa jouli, na hata ndogo ya jouli 1 hadi 2 itaiaibisha drili kubwa ya nyundo kwenye zege, tena bila wewe kuegemea kwa mwili mzima.

Kwa hiyo kama kuta zako ni za tofali, lipia nyundo. Kama ni za zege, nunua drili ya kawaida isiyo na nyundo, nyepesi na fupi, kisha uazime au ukodi ya SDS siku ya kazi. Na kama shida yako ni skrubu ndefu nyingi, kuna mashine ya tatu, ile fupi yenye kinyundo cha kupiga kwa mzunguko, inayoshika biti za mche wa pande sita. Inakaza hadi Nm 150 na kuendelea bila kukuvunja mkono, ila ina kelele na haina ustaarabu wa kutoboa shimo safi.

Nguvu inayomrudia mwenyewe

Sijasikia muuzaji akilisema hili. Biti ikikwama ghafla kwenye fundo la ubao au kwenye chuma, torki haipotei, inaigeuza drili. Chukua drili ya Nm 100. Mkono wako uko sentimita 12 hivi kutoka kwenye mhimili wa biti. Gawanya 100 kwa 0.12: nyutoni zaidi ya 830, kama kilo 85 zikivuta kiganja chako kwa upande mmoja, kwa sekunde moja. Kifundo cha mkono hakina mjadala na hilo. Ndiyo maana drili kubwa huja na mpini wa pembeni, na zile bora zina kihisio kinachokata mota mara tu mwili wa drili unapoanza kuzunguka. Ukichukua mpini wa sentimita 30, uzito huo unashuka hadi kilo 34. Drili ya zaidi ya Nm 80 inayouzwa bila mpini wa pembeni imenyimwa kitu cha lazima.

Mshirika wa drili ndogo ni ile pete yenye namba shingoni. Wengi huiweka kwenye alama ya biti na kuisahau. Namba hizo huamua torki ambayo pete itaachia kwa sauti ya trrr, kabla skrubu haijazama kupita kiasi au kichwa chake hakijalika. Anza na namba ya chini, panda.

Bei imejificha wapi

Ukifungua gharama ya drili, sehemu kubwa imekaa kwenye betri na chaja. Ndiyo maana mwili mtupu, usio na betri, huuzwa kwa bei inayokushawishi, na betri moja peke yake hukushtua. Kwa kawaida betri za kampuni moja haziingii kwenye drili ya kampuni nyingine hata volti zikilingana. Wakati mwingine haziingii hata ndani ya kampuni moja. Mfumo wa 18V wa Bosch wa rangi ya kijani, wa matumizi ya nyumbani, na ule wa buluu, wa mafundi, kila mmoja una betri zake. Metabo na wenzake waliunda mfumo wa pamoja, CAS, ambao betri moja inaingia kwenye vyombo vya makampuni kadhaa, lakini hilo bado si kawaida ya soko.

Kwa hiyo unaponunua drili ya kwanza, kwa hakika unachagua betri utakazoishi nazo. Tazama kwanza vyombo vingine vya mfumo huo: msumeno, mashine ya kukatia chuma, taa. Uliza kama betri yake inapatikana peke yake, na bei gani. Kama haipatikani, drili hiyo ina umri wa betri yake, basi. Kisha gawanya bei ya seti nzima kwa jumla ya wati-saa za betri zilizomo. Seti mbili ambazo zilionekana sawa mara nyingi hutengana hapo. Yenye drili moja na betri mbili za 5Ah ina wati-saa 180. Yenye drili, betri moja ya 2Ah na sanduku la vipande mia moja ina 36 na vyuma laini vya kupoteza chini ya kochi.

Hilo sanduku la vipande mia, hata usiliweke kwenye mizani ya uamuzi.

Feki za majina makubwa zimejaa, na nyingine zimeigwa hadi kibandiko. Ishara huwa ndogo: namba ya modeli ambayo haimo kwenye orodha ya kampuni yenyewe, rangi iliyokaribia lakini haikufika, uzito wa kutilia shaka, betri inayoingia kwa kulegalega. Mimi huona afadhali drili ya jina lisilojulikana inayosema ukweli wa seli zake kuliko jina kubwa la kughushi.

Ukiwa nayo mkononi kabla ya kulipa, funga biti nyembamba iliyonyooka, izungushe polepole na utazame ncha. Ikichora duara inapozunguka, mdomo unaobana biti umepinda au ni hafifu, na mashimo yako yatakuwa mapana kuliko biti. Mdomo wa chuma unaofunguka hadi milimita 13 unakupa uhuru kuliko wa plastiki wa milimita 10. Bonyeza kibonyezo kidogo kidogo: mota inapaswa kuanza kwa mwendo wa konokono. Ikiruka kutoka kimya hadi kasi, kila skrubu itakuwa bahati nasibu. Achia ghafla, drili nzuri husimama papo hapo. Na ishike ikiwa na betri ndani, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, kwa nusu dakika. Gramu ambazo hukuzisikia kaunta utazisikia hapo.

Betri ukishafika nayo nyumbani, usiiache kwenye gari lililofungwa juani, wala usiiweke kabatini ikiwa tupu kwa miezi. Ikikaa bila kazi, nusu ya chaji inaipendeza kuliko kujaa au kuisha.

Pesa iliyobaki ipeleke kwenye biti. Za chuma cha kasi (HSS) kwa chuma, zenye ncha ya kabaidi kwa ukuta, zenye ncha ya katikati kwa mbao, chache, za kweli. Mwaka mzima niliisema vibaya ile drili yangu ya 48V kwa kushindwa na chuma cha milimita 4. Siku nilipoifunga biti mpya yenye makali, nikapunguza mwendo hadi gia ya kwanza na kudondosha tone la mafuta, ilipita kama inatoboa sabuni, na vumbi la chuma likatoka kwa nyuzi ndefu zilizojikunja, badala ya unga.